Tone Moja Kila Saa

Pikipiki ilikohoa mara mbili, ikataka kufa.

Makoye aliikanyaga gia, akaitukana kwa Kisukuma, ikafufuka. Mita mia nne mbele yake Land Cruiser nyeupe ilikuwa ikikimbilia upande wa Bulyanhulu huku ikiburuta mkia wa vumbi jekundu. Vumbi hilo lilimfaa. Lilimficha yeye na Honda yake, ingawa lilimjaa puani, mdomoni na katika kila mfuko wa koti.

Saa nane na dakika kumi mchana.

Kidude kilichokuwa sikioni mwake, kidogo kama punje ya harage, kilikwaruza.

"Nyuki Tatu, hapa Kituo. Toa hali."

"Gari moja. Watu watano. Leodgar yuko kiti cha mbele."

"Mzigo?"

"Uko nyuma. Makasha kumi na mawili. Nimeuona ukipakiwa Nyasubi kwa macho yangu."

"Usimsogelee."

"Sijamsogelea, mama."

Sauti ile ilikuwa ya Mama Rosemary, mkuu wake wa kazi, mwanamke ambaye hakuwahi kupaza sauti na hakuwahi kurudia jambo. Leodgar Kapufi alikuwa mwenye ghala la dawa kule Nyasubi, katikati ya mji wa Kahama. Mtu wa watu. Alichangia saruji ya kanisa, alinunua sare za kwaya, na misibani alikaa mstari wa mbele akilia kuliko wafiwa.

Mtu huyo ndiye aliyekuwa akiiba macho ya watu.

Kazi yake ilikuwa nyepesi ukiielewa. Kuna dawa ya matone iitwayo natamaisini. Hutibu fangasi wa kwenye jicho, yule anayeingia mkulima anapochomwa na bua la mahindi au jani kavu la tumbaku. Dawa hiyo ni adimu, na nje ya mpaka wapo watu wanaoitolea dhahabu. Leodgar aliichukua ile halisi iliyoletwa kwa ajili ya hospitali za ukanda ule, akaificha. Mahali pake akaweka chupa zilezile, karatasi zilezile, na ndani maji yenye dawa ya kutuliza wekundu. Mgonjwa akitiwa hiyo hujisikia nafuu siku mbili. Siku ya tatu fangasi, akiwa amenona, huendelea na kazi yake.

Makoye aliyajua hayo yote. Aliyajua kuliko alivyotaka.

Land Cruiser ilipunguza mwendo, ikaingia kushoto kwenye njia isiyo na kibao. Makoye alizima pikipiki, akaisukumia vichakani, akapanda kichuguu kirefu kwa magoti na viwiko. Akatoa darubini yake, Steiner ndogo inayoingia kiganjani.

Mbele yake palikuwa na kiwanja cha ndege cha zamani. Kampuni moja ya utafiti wa madini ilikilima miaka ile, ikaondoka, ikayaachia majani. Sasa majani yalikuwa yamefyekwa. Ndege ilikuwa imesimama katikati, Cessna Caravan yenye namba zilizopakwa rangi juu. Rubani alikuwa akiijaza mafuta kutoka kwenye mapipa mawili kwa pampu ya mkono. Walinzi wanne alioshuka nao Leodgar, SMG begani, walizunguka bila haraka.

Makoye aliiangalia ile pampu. Miaka mitatu sasa watu wa Kahama walimjua kama muuza pampu za maji, na uongo ukikaa nao sana hukufundisha kitu. Mapipa mawili, pampu ya namna ile, mkono mmoja: dakika arobaini.

"Kituo, hapa Nyuki Tatu. Kuna ndege. Itaruka baada ya dakika arobaini. Naomba vikosi."

"Vikosi haviji."

"Sijakusikia, mama."

"Umenisikia. Ndege ina kifaa chetu cha kufuatilia, tumekibandika juzi. Tunataka kujua inatua wapi na nani anaipokea. Leodgar ni mkia. Tunataka kichwa."

"Na dawa?"

"Iache ipae, Makoye."

Iache.

Alikuwa amelala kifudifudi juu ya kichuguu, mchwa wakimpanda shingoni, na neno lile likampiga palepale lilipompiga wiki tano nyuma.

Siku ile alikuwa kwenye mizani ya magari, barabara ya Ushirombo, amevaa koti la mkaguzi. Fuso lilisimama mbele yake. Alifungua kasha moja, akashika chupa moja, akajua. Karatasi ilikuwa nzuri mno, gundi bado mbichi. Alimpigia Mama Rosemary. Mama Rosemary akasema: liache lipite, tulifuate mpaka kwa mwenyewe. Makoye alibandika kifaa chini ya bodi, akampungia dereva mkono. Pita.

Kifaa kilikufa betri mle mle Nyasubi. Kwa siku tisa lori lile halikuonekana, na kwa siku tisa chupa zile zilisambaa kwenye maduka ya dawa kuanzia Ushetu mpaka Bukombe.

Majuto ni mjukuu, husemwa, huja mwishowe. Ya Makoye hayakungoja kuzaliwa.

Katika mfuko wa shati alikuwa na karatasi. Aliandika humo majina ya watu waliopelekwa hospitali na macho yaliyooza. Hakuna aliyemtuma aandike. Majina kumi na tisa. Juzi aliongeza la ishirini.

Coletha.

Dada yake. Baba na mama yao walipofariki, Coletha alikuwa na miaka kumi na sita, na Makoye alikuwa na minne. Alimbeba mgongoni akilima tumbaku ya watu kule Ushetu, mpaka akapata shamba lake na bani lake la kukaushia. Jicho lake la kushoto lilikufa na surua tangu utotoni. Maisha yake yote aliyaona kwa jicho moja. Na wiki mbili zilizopita, akiwa anafunga majani ya tumbaku kwenye fito, kijiti kikavu kilimchoma jicho hilohilo moja.

Alikwenda duka la dawa. Kisha akampigia mdogo wake simu.

Wakati huo Makoye alikuwa amejibanza nyuma ya ghala la Leodgar, akipiga picha kwa kalamu yenye kamera. Alipokea simu kwa kunong'ona.

"Mdogo wangu, nisaidie," Coletha alisema. "Huyu binti wa dukani ananionesha chupa mbili. Moja ilibaki ya zamani, imechafuka kama maji ya mchele. Nyingine mpya, maji yake angavu. Wewe umesoma. Nichukue ipi?"

Mlinzi alikuwa akija. Makoye hakufikiri. Alijibu kama ambavyo mtu yeyote wa nchi ile angejibu, nchi ambayo watoto hufundishwa kutokunywa maji ya lambo ambayo huwezi kuuona mguu wako ndani yake.

"Chukua angavu, dada. Iliyochafuka imeharibika."

"Wabeja, mdogo wangu. Mungu akuzidishie."

Siku nne baadaye majibu ya maabara yalikuja, ya chupa ya lile Fuso. Natamaisini halisi ni nyeupe. Ni unga ndani ya maji. Ikikaa hutulia chini, ndiyo maana huandikwa itikiswe kabla ya kutiwa. Iliyo angavu ndiyo ya Leodgar, na Coletha alikuwa ameshaitia siku nne.

Mtu aliyejua kwamba kuna dawa bandia mjini, tena aliyeifungulia mlango, ndiye aliyemchagulia dada yake chupa.

Asubuhi ya leo Daktari Aneth, bingwa wa macho pale Kahama, alimwambia bila kuzunguka: "Kidonda kimeshafika ndani. Nikipata dawa halisi kabla ya jua kuzama, nina kitu cha kupigania. Nisipopata, kesho jicho litatoboka na nitalitoa. Nimetafuta Mwanza, nimetafuta Geita. Hakuna hata chupa."

Chupa zilikuwa mita mia sita kutoka alipolala. Zilikuwa zinangoja mafuta.

"Nyuki Tatu, thibitisha umeelewa amri."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Makoye aliipima methali hiyo, akaona guu analo la ziada.

"Nimeelewa, mama. Sitaitii."

Akazima redio.

Dakika thelathini na tano.

Alikuwa na Glock moja yenye risasi kumi na tano. Upande wa pili kulikuwa na SMG nne. Hata kwenye hadithi za kusimuliana vijiweni, hesabu hiyo haiendi. Akatoa simu ya kawaida, ile ya biashara ya pampu, akabonyeza jina la Sikujua.

Sikujua aliuza chai na chapati kule Kakola, kilomita chache kutoka pale, katikati ya mashine za karasha zinazosaga mawe ya dhahabu mchana kutwa. Kila mchimbaji alikunywa kwake, kila dalali alimkopa, na hakuna neno lililopita Kakola bila kupoza mdomo kwenye benchi lake. Alikuwa sikio la Makoye kwa miaka mitatu.

"Mwadila, muuza pampu," alimsalimu kwa Kisukuma, akipiga kelele kuzishinda mashine. "Leo umenikumbuka?"

"Sikujua, nataka useme uongo."

"Mkubwa kiasi gani?"

"Dhahabu imeibuka. Kile kiwanja cha ndege cha zamani, cha wale watafiti walioondoka. Mtu amechimba futi tatu tu."

Mashine ziliunguruma nyuma yake.

"Makoye, unataka niite rashi?"

Kwa asiyejua mambo ya kule, rashi ni neno moja tu likizagaa, kwamba mahali fulani pametoa. Halihitaji ushahidi. Ndani ya saa moja mashamba huachwa, maduka hufungwa, bwana harusi huvua koti, na watu elfu huhamia hapo na sururu kabla hujamaliza kuuliza ni wapi.

"Ndiyo," Makoye alisema. "Rashi."

"Kesho watakuja na hasira. Chai yangu atakunywa nani? Hawa ni watu maskini, Makoye. Unawachezea."

Aliujua ukweli huo.

"Waambie muuza pampu ndiye alikudanganya."

"Na kesho muuza pampu atakuwa wapi?"

Mara zote Makoye ndiye aliyeondoka, na watu wa aina ya Sikujua ndio waliobaki na maelezo ya kutoa. Hakuwahi kuliona jambo hilo kwa uwazi kama alivyoliona pale juu ya kichuguu.

"Sikujua, kuna ndege hapa. Imebeba dawa ya macho waliyoibiwa watu. Ikiruka, dada yangu atakuwa kipofu kesho. Yeye na wengine kumi na tisa. Na mimi ndiye niliyewaponza."

Sikujua alishusha pumzi.

"Sasa kwa nini hukuanza na hilo? Unazunguka kama mtu anaposa."

"Utawatangazia?"

"Nani atangaze? Ukitangaza watasema ni utapeli. Nitamwita Wilbard wa karasha la tatu, nimnong'oneze peke yake, nimwapishe kwa kaburi la mama yake asimwambie mtu."

Akakata simu.

Dakika ishirini na nane. Pipa la kwanza likaisha, rubani akahamisha mpira kwenye la pili.

Dakika ishirini. Walinzi walianza kupandisha makasha. Leodgar alisimama kivulini chini ya bawa, shati jeupe, kofia ya pama, akijifuta jasho kwa kitambaa kilichokunjwa vizuri. Makoye alihesabu makasha yakiingia. Kila moja lilikuwa jicho.

Dakika kumi na tano. Hakuna kitu. Kunguru wawili tu.

Akafikiri kwamba pengine Wilbard wa karasha la tatu ndiye mwanaume pekee Kakola anayetunza siri. Ingekuwa bahati yake kabisa.

Dakika kumi na moja.

Alizisikia kabla hajaziona. Zilianza kama nyuki, mbali, upande wa kaskazini. Kisha vumbi likainuka juu ya vichaka, pana, jekundu, likija.

Pikipiki.

Boxer, SanLG, Honda kuukuu zisizo na taa, moja imebeba watu wawili, nyingine watatu, nyingine wanne na beleshi. Hamsini. Mia. Nyuma yao Canter mbili zimejaa watu wamesimama, na nyuma ya Canter watu wa miguu wanakimbia na karai kichwani. Waliingia kiwanjani kutoka kila upande bila kusalimia. Wa kwanza aliruka kabla pikipiki haijasimama, akachora mraba ardhini kwa kisigino, akapiga kelele: "Hapa pangu!"

Pangu ile ilikuwa katikati kabisa ya njia ya kurukia.

"Simameni!" mlinzi mmoja alibwata. Akafyatua risasi tatu hewani.

Hilo ndilo Makoye alilokuwa akiliogopa, jina la ishirini na moja. Alikuwa ameshateremka kichuguu, anakimbia, beleshi la kuokota begani, vumbi limempaka sura ya mchimbaji yeyote. Lakini watu wale walizoea milio ya walinzi tangu wangali wanatambaa kwenye mashimo. Aliyekuwa anachimba aliendelea kuchimba.

"Kuna nini hapa?" mlinzi wa pili alimuuliza kijana mwenye sururu.

"Futi tatu tu, mkuu. Inang'aa!"

Mlinzi aliitazama ndege. Akamtazama bosi wake. Akaitazama ardhi. Alikuwa mtu wa Kakola, na mshahara wake wa mwezi jana ulikuwa bado haujalipwa. Akaiegemeza SMG kwenye pipa tupu na kumwomba jirani yake sururu ya akiba. Mwenzake alifuata. Waliobaki wawili walimezwa na umati, wakawa wanasukumwa huku na huku wakilinda hewa.

"Washa!" Leodgar alimfokea rubani. "Washa sasa hivi!"

Injini ilipiga kelele, panga likazunguka. Mbele ya ndege kulikuwa na pikipiki sitini zimeegeshwa na mashimo kumi na moja ya futi moja moja. Rubani aliangalia mbele, akaangalia kulia, akazima injini. Akafungua mlango wake na kutoweka vichakani bila kuaga.

Makoye alipanda ngazi ya nyuma.

Leodgar alikuwa ndani, amempa mgongo, mkono wa kulia tayari umeingia kwenye mkoba uliokuwa na bastola.

"Shikamoo, mzee Leodgar," Makoye alisema.

"Marahaba," alijibu Leodgar.

Lilimtoka lenyewe. Miaka sitini ya malezi mema, mtu akikuamkia unaitikia kwanza, mengine baadaye. Nusu sekunde hiyo ilimtosha Makoye. Mdomo wa Glock ulikuwa umeshagusa shingo ya yule mzee, na mkoba ulikuwa sakafuni.

Leodgar aligeuka taratibu. Alimtazama Makoye chini ya vumbi lile lote, akaanza kutabasamu.

"Nakukumbuka. Wewe ulikuwa mizanini Ushirombo. Nilikuwa kwenye gari dogo nyuma ya lile Fuso. Ulifungua kasha, ukalifunga, ukampungia dereva mkono. Nilisema moyoni, huyu kijana ana akili, huyu tutafanya naye kazi."

"Kwa hiyo usinitazame hivyo," Leodgar aliendelea kwa upole. "Mimi niliuza. Wewe ulifungua njia. Tuko mashua moja."

Kidole cha Makoye kilikuwa kwenye kifyatulio, na kwa pumzi mbili nzima hakujua kingefanya nini. Kisha akaishusha bunduki kidogo, kwa sababu yote yaliyosemwa yalikuwa kweli, na ukweli hauuawi kwa kumpiga risasi anayeutamka.

"Ni kweli," alisema. "Ndiyo maana nimekuja kushuka."

Akampiga ngumi moja tu, ya taya. Mzee wa kwaya akaketi chini bila kupenda.

Makasha yalikuwa kumi na mawili, yote yanafanana. Leodgar, damu mdomoni, alicheka.

"Nimechanganya. Hata huko ninakopeleka, nawauzia nusu kwa nusu. Nikuoneshe halisi, uniache niende?"

Makoye alirarua kasha la kwanza, akatoa chupa, akaiinua kwenye jua la dirishani. Angavu. Nzuri. Inametameta. Akaitupa. La pili, angavu. La tatu. Lilikuwa limetikiswa na barabara ya Kahama njia nzima, na chupa yake ilikuwa nyeupe, imechafuka kama maji ya mchele.

Aliitazama kwa muda kuliko ilivyohitajika. Hiyo ndiyo aliyomwambia Coletha aiache.

Alipata makasha matano yenye maji meupe. Alipoliburuta la tano, ubao wa sakafu ulinyanyuka nalo, na chini yake palikuwa na vipande vya manjano vimepangwa ndani ya magunia ya katani.

Kijana mmoja aliyekuwa akichungulia mlangoni aliona. Akageukia umati.

"IPO!" alipiga kelele. "IPO KWELI! Imo ndani ya ndege!"

Hivyo ndivyo uongo wa Sikujua ulivyogeuka ukweli bila yeye kuutolea jasho. Mwenyewe alifika dakika hiyohiyo, amepakizwa nyuma ya Boxer, chupa mbili za chai mapajani na ndoo ya chapati kichwani. Rashi ni rashi, watu watasikia njaa.

"Muuza pampu!" alimwita, macho yamemtoka. "Ulisema ni uongo!"

"Nami nilidhani hivyo."

"Na huyu?" Alimwonesha Leodgar kwa kidevu.

"Mkalieni mpaka polisi wafike. Asipigwe. Na dhahabu isiguswe, ni kielelezo. Sikujua, nakuachia wewe."

"Kama kawaida yako," alisema Sikujua. Lakini alikwisha kunyanyua mwiko, akigawa watu: hawa wamkalie mzee, hawa walinde mlango, wengine wapange foleni ya chai.

Makoye aliwasha redio.

"Kituo, hapa Nyuki Tatu. Ndege haikupaa. Leodgar amekamatwa. Kuna dhahabu na dawa halisi, makasha matano."

"Umevunja amri."

"Ndiyo, mama."

"Kichwa tumekikosa."

"Simu ya Leodgar ninayo, nimeitoa kwenye mkoba wake. Ina majina yote, haina hata namba ya siri. Mzee huyu alimwamini kila mtu."

"Tutazungumza," alisema Mama Rosemary.

"Tutazungumza. Lakini makasha manne yanatakiwa yafike hospitali leo. Nina majina na wodi walizolala."

Sauti ya Mama Rosemary ilishuka.

"Yatume hayo majina, Makoye. Nitayapeleka mwenyewe."

Makoye alifunga kasha moja kwenye siti ya Honda kwa mpira wa baiskeli, akavaa miwani ya jua juu ya uso wa vumbi, akapita polepole katikati ya watu wanaochimba. Hakugeuka nyuma. Kwa mbali ungesema ni mtu asiye na shida duniani.

Saa kumi na nusu. Kilomita hamsini na kitu. Jua halimsubiri mtu.

Pikipiki ilikohoa mara mbili njiani. Mara zote mbili aliiomba radhi.

Daktari Aneth aliipokea chupa mlangoni mwa wodi saa kumi na mbili kasoro kumi. Aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaona maji meupe, akafumba macho kidogo. Hakuuliza imetoka wapi. Alitikisa, akainama juu ya kitanda, akatia tone moja.

"Kila saa moja," alisema. "Mchana na usiku, siku mbili mfululizo, halafu tutaona. Sikuahidi kitu, Makoye. Manesi wangu ni wawili kwa wodi nzima."

Akaondoka na chupa nyingine kwenda kitanda cha pili.

Coletha alikuwa amelala chali, mikono juu ya shuka. Mikono hiyo ilikuwa bado na weusi wa utomvu wa tumbaku kwenye kucha.

"Ni wewe?" aliuliza. "Nasikia harufu ya vumbi."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umeacha biashara yako umekuja?"

Makoye alivuta kigoda. Alikuwa amepanga maneno tangu kule kiwanjani. Yote yakakimbia.

"Dada, ile chupa niliyokwambia uchague..."

"Angavu."

"Ilikuwa bandia. Na mimi nilijua kuna bandia mjini. Wiki tano zilizopita lori lililozibeba lilisimama mbele yangu, nikaliruhusu lipite. Niliambiwa, lakini mkono uliopunga ni wangu. Mimi siuzi pampu, dada."

Mwisho wa wodi maji yalikuwa yakidondoka kwenye sinki.

"Hilo la pampu nilijua," alisema Coletha. "Niliyoinunua kwako haijawahi kutoa maji."

Makoye alitaka kucheka, kikatoka kilio. Alijifunika uso kwa viganja, vumbi na machozi vikawa tope.

"Niliusifia ushauri wako kwa watu," Coletha alisema. "Hata jicho lilipozidi, niliwaambia, mdogo wangu alinichagulia vizuri, ni mimi tu sikuitia sawasawa. Nilijilaumu mwenyewe, Makoye."

"Nisamehe, dada."

"Sijui. Acha kwanza nione kama nitakuona."

Mfukoni simu ilitetemeka. Mama Rosemary: *Rubani ameonekana Geita. Gari linakusubiri nje ya hospitali. Dakika tano.*

Makoye aliisoma. Akaandika: *Tumeni mwingine.* Akaizima, akaitoa betri kwa mazoea ya kazi, akaiweka chini ya kigoda. Kwenye mkono alikuwa na saa yake ya Casio, iliyomhesabia mabomu na milango ya chuma. Akaitega ilie kila baada ya dakika sitini tangu tone la kwanza.

Nje gari lilipiga honi mara moja, likangoja, likaondoka.

Saa moja kasoro dakika kumi saa ililia. Makoye alinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akarudi, akaishika chupa. Unga ulikuwa umetulia chini, mweupe, kimya.

"Unangoja nini?" aliuliza Coletha. "Tikisa."

Akatikisa.